Usimpe mtoto kitabu cha kumjenga, mpe kitakachomnyima usingizi

Juzi dada mmoja wa Kahama aliniandikia. Mwanawe yuko kidato cha pili, akili anazo, lakini kitabu hakishiki mpaka asimamiwe. Akaniomba nimtajie vitabu kumi vya kumjenga kijana: kujiamini, nidhamu ya pesa, kuweka malengo, mambo ya namna hiyo. Anajua kwamba mimi ni mhariri, kwamba vitabu ndivyo vinavyonilisha na ndivyo vilivyowasomesha wanangu, akataka na mwanawe apite njia hiyohiyo.

Dada yangu, orodha hiyo sina, na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Jumbe za namna hii huniijia mara kwa mara, na karibu zote zinaanzia mahali pamoja: mzazi anataka mtoto asome ili awe mtu fulani. Mimi sikuanza kusoma ili niwe mtu fulani. Nilianza kwa sababu maiti iliokotwa mzimuni na nilitaka kujua nani kaua.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba. Nyumbani kulikuwa na msahafu juu ya kabati na daftari la mama la madeni, basi. Mwenye vitabu alikuwa mjomba, karani wa reli. Alipohamishiwa Tabora aliacha kwetu sanduku la bati, akasema lisifunguliwe mpaka arudi. Nililifungua wiki hiyohiyo.

Juu kabisa kilikuwepo Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mpaka siku hiyo kusoma kwangu kulikuwa ni kitabu cha darasani, kimoja kwa dawati zima, tunakisoma kwa kuimba bila kujua tunaimba nini. Hapa sasa nikamkuta Bwana Msa na kiko chake, hana haraka, anauliza maswali ambayo hayaonekani kuhusu lolote. Nikamkuta Najum, rafiki yake, anayedhani kila mara kwamba ameshafumbua. Na watu wote wanazungumza kama wale jamaa wa Unguja waliokuwa wakija kwetu barazani wakati wa sikukuu, matani yaleyale, heshima ileile, hasira zilezile za kufichwa nyuma ya maneno mazuri. Sikujua kwamba watu wa aina hiyo huandikwa vitabuni. Nilisoma kwa taa ya chemli mpaka mama akaja kuizima, nikaamka alfajiri nikaendelea uani.

Kurasa za mwisho hazikuwepo. Zilikuwa zimechanwa vizuri kabisa, kwa mkono uliotulia, nadhani ziliishia kwa muuza karanga. Mnakumbuka karanga zilivyokuwa zikifungwa kwenye vikaratasi vya vitabu na madaftari? Basi muuaji wangu aliondoka na karanga za mtu.

Nilimwendea fundi cherehani wa barazani kwa jirani, mtu mzima aliyesoma sana, nikamwamkia, nikamuuliza nani kaua. Alicheka, akasema, "Mwanangu, nikikwambia nitakuwa nimekudhulumu. Nenda maktaba." Sijawahi kupewa ushauri uliozidi huo. Nilikwenda maktaba ya mjini na fomu iliyosainiwa na mwalimu, nikakitafuta rafuni, na zile kurasa za mwisho nikazisoma nimesimama palepale, mkoba begani. Kisha nikakaa, nikakianza upya kutoka ukurasa wa kwanza ili nione ni wapi nilidanganywa. Raha ya kusoma mara ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, maana sasa niliona jinsi mwandishi alivyoziweka dalili wazi mbele yangu nikazipita.

Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1960, na aliyekiandika alikuwa mwandishi wa habari, mzaliwa wa Makunduchi. Nawaambia hivi kwa sababu kuna watu bado wanasema hadithi za upelelezi ni za kuiga Wazungu. Soma kwanza, ndugu yangu, halafu tuzungumze. Pale mambo yanaamuliwa na nasaba, na fedheha, na siri za ukoo, na mtu anayejua kusikiliza mazungumzo ya baraza.

Baada ya hapo nilisoma kila kilichokuja mkononi. Mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vyembamba vya jalada lililochakaa vinavyopita mkono kwa mkono mpaka vinanuka jasho. Wakubwa waliviita vitabu vya kihuni. Kwa Joram Kiango nilijifunza jinsi sura inavyokatwa mahali ambapo msomaji hawezi kulala, na leo ninapohariri hadithi ya mtu mwingine ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama.

Naja kwenye jambo ambalo bado linaniuma.

Ndani ya sanduku la mjomba kulikuwa pia na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Kinamhusu binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, mpaka anapotoka nyumbani kwenda shule hajui lolote kuhusu wanaume, na hapo ndipo dunia inapomdaka. Wakati fulani kitabu hiki kilizuiwa kusomwa shuleni, kisha baadaye kikaja kufundishwa. Mimi nilikuwa nacho kidato cha pili, nimekifunga kwa gazeti. Mwalimu mmoja alikikuta. Sitamtaja yeye wala shule. Asubuhi mstarini aliniita mbele, akakiinua kitabu juu, akasoma kipande kimoja kwa sauti ya kejeli, akawaambia wanafunzi wote kwamba msichana anayesoma vitu kama hivi mwisho wake unajulikana. Kisha akakichanachana mbele yangu. Kitabu cha mjomba.

Kwa muda mrefu baada ya hapo wavulana waliniita Rosa. Sikulia pale mbele, na najivunia hilo mpaka leo. Lakini wako wasichana waliokuwa wakisoma nami ambao walivirudisha vitabu siku hiyohiyo na hawakushika tena, na mmoja wao alikuwa msomaji mzuri kunizidi mimi. Ninapokutana naye Tanga hutaja kisa kile yeye mwenyewe. Hizi ndizo hasara za kumwaibisha mtoto kwa anachosoma, na kinachonichoma zaidi ni kwamba kile kitabu kilikuwa kinatuonya. Kilikuwa kinazungumza nasi kuhusu jambo ambalo hakuna mzazi wala mwalimu aliyethubutu kutuambia. Walimu wanaonisoma, nawasihi: mkikikuta kitabu kwenye mkoba wa mtoto, mrudishieni. Mkiona kina mambo mazito, kaeni naye mzungumze.

Kilichoniokoa ni Kuli cha Adam Shafi.

Baba yangu alikuwa kuli katika bandari ya Tanga. Meli kubwa hazikuweza kufunga gatini, zilitia nanga mbali kidogo, na mzigo ulipakiwa kwanza kwenye matishari ndipo ukapelekwa melini. Marobota ya katani, miaka nenda miaka rudi. Kusoma alijifunza ukubwani kwenye zile kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya sabini, na alisoma kwa kusilabi, kidole chini ya neno. Likizo moja nilikileta Kuli nyumbani, nikamwambia kuna kitabu cha wachukuzi wa Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Akasema, "Wachukuzi wameandikiwa kitabu?"

Nikaanza kumsomea jioni baada ya isha, sura moja moja. Mwanzo alikuwa anasikiliza huku anatengeneza mshipi wake wa kuvulia. Tulipofika kwenye kazi yenyewe ya melini, jinsi mzigo unavyoshushwa na jinsi mtu anavyoweza kupoteza maisha kwa uzembe wa mwenye winchi, aliuweka mshipi chini. Alinikatiza. Akanionyesha kwa mikono pale sakafuni mchukuzi anasimama wapi mzigo unapokuja, na kwa nini hutakiwi kuutazama mzigo bali kamba. Akanitajia majina ya wenzake walioumia, ambayo sikuwahi kuyasikia. Mimi binti yake niliyeishi naye nyumba moja miaka yote, nilikuwa sijui kwamba bega lake la kushoto liliharibika siku gani na kwa nini. Rashidi, yule mchukuzi wa kitabuni, ndiye aliyemfungua mdomo.

Jioni nyingine majirani walikuja. Wenzake wa bandarini wakakaa barazani, mama akachemsha kahawa, na mimi nasoma. Pale wachukuzi wanapoanza kuelewana kwamba bila wao hakuna meli inayoondoka, mzee mmoja alipiga goti lake kwa kiganja akasema rudia hapo. Nikarudia. Wakati huo niliamua kwamba kazi yangu itakuwa ya vitabu, na ndivyo ilivyokuwa. Wale wazee hawakuwa na habari ya kujengwa na kitabu. Walitaka kujua mgomo utaishaje.

Kwa hiyo, dada yangu wa Kahama na wengine wote mnaotaka watoto wasome, nisikilizeni. Kitabu cha kwanza kiwe kitamu. Kisiwe cha mtihani, kisiwe cha mafanikio, kisiwe cha mawaidha. Mnunulie Mzimu wa Watu wa Kale, kiache mezani, usimwambie lolote. Akikianza akakiacha, mwache, mtafutie kingine kitamu. Usimwulize amejifunza nini! Hilo swali limeua wasomaji wengi kuliko televisheni. Muulize nani kafanya nini, anamshuku nani, ingekuwa yeye angefanyaje. Na ukiweza, kisome na wewe, ili mbishane wakati wa kula.

Halafu msomee kwa sauti, hata akiwa mkubwa na ndevu zimeanza kuota. Watu wanadhani kusomewa ni kwa watoto wachanga. Baba yangu alikuwa na mvi.

Wengi mtaniambia vitabu ni ghali, na ni kweli. Ndiyo maana natia mkazo maktaba za mikoa, ambazo zipo na mara nyingi zina viti vitupu, na wauzaji wa vitabu vilivyotumika pale Posta, Dar es Salaam, ambapo kwa subira na salamu nzuri utaokota vitabu ambavyo madukani havipo tena. Mtaniambia pia vijana wanasoma simu tu. Wanasoma nini kwenye simu? Mpwa wangu husubiri kila usiku hadithi inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa vipande, sehemu ya ishirini na moja, sehemu ya ishirini na mbili, na mwandishi akichelewa kundi zima linamlaumu. Huyo tayari ni msomaji. Mpeni Siku Njema cha Ken Walibora, kijana Kongowea anavyotoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hamjui, uone kama simu haitakaa chini. Mimi mwenzangu wa Mombasa ndiye aliyenipa, nami nikashangaa kuikuta Tanga yangu ndani ya kitabu cha Mkenya.

Kitu kitamu kwanza. Nalirudia kwa sababu najua kuna mtu atafika hapa na bado ataenda kununua kile cha tabia za matajiri.

Na Shaaban Robert? Huulizwa kila ninapozungumza hivi, kana kwamba namdharau. Ninamheshimu mno, ni mtu wa kwetu, wa Vibambani, na namweka juu ya wote. Lakini msimtumie kama dawa ya kumnywesha mtoto kwa kumbana pua. Kama mtoto ni mdogo anzeni na Adili na Nduguze. Kina mtawala ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili, kisha huwalisha na kuwabembeleza, na hakuna mtoto atakayeweza kulala kabla ya kujua wale manyani ni akina nani. Kusadikika kije baadaye, mtoto akishakuwa na hasira zake na dunia. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na kila siku ya kesi anajitetea kwa kisa cha mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kwa faida ya nchi, akarudi kulipwa jela. Kilitoka mwaka 1951, chini ya Waingereza, na msomaji wa miaka kumi na saba atajua mara moja kwamba Kusadikika, hiyo nchi inayoelea angani, iko wapi. Someni utetezi wa siku ya kwanza kwa sauti, taratibu, maana sentensi zake zinataka pumzi. Akipenda, kinachofuata ni Wasifu wa Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kuimba. Ni kitabu chembamba, na kama una nyimbo za Siti kwenye simu, mpigieni kwanza mmoja ndipo mfungue ukurasa.