Nilichomoa injini mara mbili kwa ajili ya ovadraivu moja

Jumamosi iliyopita niliendesha MGB yangu kilomita 340, kwenda na kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue nilishuka bila masikio kuvuma. Niliegesha, nikazima injini, nikabaki nimekaa pale pale kama dakika kumi, mikono kwenye usukani. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Jioni hiyo hiyo nikakuta ujumbe wa msomaji. Naye ana MGB, ya gia nne tupu, amepata giaboksi yenye ovadraivu, kile kifaa kinachopunguza mizunguko ya injini ukiwa kwenye mwendo, na anauliza kama kuifunga ni kazi ya wikendi moja.

Ndugu yangu, kwangu ilikuwa kazi ya miezi saba. Minne kati ya hiyo ilipotea kwa sababu nilimwamini mtu badala ya kufungua boliti nane na kutazama.

Tuanze na shida yenyewe, maana sote tunaoyapenda magari haya tunaijua. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na injini yake ya cc 1798 ni ngumu kweli kweli. Kinachochosha ni gia. Ukiwa gia ya nne, shafti inayokwenda nyuma inazunguka sawa na injini, na kwa ekseli ya nyuma yenye uwiano wa 3.909 kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika inakupa takriban kilomita 29 kwa saa. Ukifika 100, injini iko karibu na 3450. Gari linalia, dashibodi inatetemeka, na mkono wako unakwenda wenyewe kutafuta gia ya tano ambayo haipo. Ukiwa na ovadraivu, mwendo ule ule unaupata kwenye 2830 hivi.

Kifaa hiki cha Laycock de Normanville, kilichotoka Sheffield, ni kazi ya akili kubwa, na mpaka leo nikikifungua nakiheshimu. Nyuma ya giaboksi kuna gia ya katikati, gia ndogo zinazoizunguka, na duara la nje lenye meno kwa ndani. Kwa kawaida springi zinaisukuma koni, iliyoungana na ile gia ya katikati, ing'ang'anie duara hilo, na vyote vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Ukibonyeza swichi, solenoidi, yaani sumaku ya umeme, inasogeza vali, presha ya oili kutoka pampu ndogo inasukuma pistoni, na koni inahama kwenda kubana kwenye pete ya breki isiyozunguka. Gia ya katikati inasimama, gia ndogo zinaizunguka, na duara la nje linaipita kwa kasi shafti inayoliendesha: raundi 1 inaingia, 1.22 inatoka. Hakuna kukanyaga klachi. Acha mguu kidogo kwenye mafuta, bonyeza, basi.

Gari langu ni la 1971, halikuwa na ovadraivu. Niliipata giaboksi yenye ovadraivu ya aina ya LH, inayolingana kabisa na mwaka wa gari. Muuzaji aliniambia imefunguliwa, imesafishwa, sili zote mpya. Aliongea kama mtu anayeijua kazi. Nje ilikuwa imepigwa rangi ya fedha, inang'aa. Wahenga wa mtaani wanasema za kuambiwa changanya na zako. Mimi sikuchanganya chochote. Nililipa, nikaipakia, nikalala usingizi wa mtoto.

Kwenye MGB giaboksi haishuki chini peke yake. Injini lazima itoke. Mimi na mdogo wangu tuliitoa na giaboksi yake kwa winchi ya mnyororo, pua ikitazama juu, huku tukiomba isikwangue rangi. Tukaweka klachi mpya na beringi ya klachi, ile ya kaboni, kwa sababu ukishafika pale hakuna sababu ya kurudisha za zamani. Tukarudisha kila kitu. Hiyo sehemu sitaieleza kwa urefu. Ni uchafu, mgongo kuuma na nati zilizodondoka.

Siku ya kwanza barabarani ilikubali. Nilibonyeza swichi, sindano ya mizunguko ikashuka yenyewe kama mtu anayetua mzigo, na nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari. Baada ya dakika arobaini sindano ikaanza kupanda. Taratibu. Mwendo haukuongezeka, ila injini ilirudi mpaka 3450, ikabaki hapo. Nikasimama, nikasubiri gari lipoe, nikaondoka, ikakubali tena. Ikapata joto, ikaachia tena.

Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba tatizo la ovadraivu ni umeme. Ni kweli kwamba mara nyingi ni umeme. Kwa hiyo wiki sita nilikuwa chini ya gari nikibadilisha nyaya, nikipima ile swichi ya kwenye giaboksi inayoruhusu ovadraivu gia ya tatu na ya nne tu, nikiweka pete mpya za mpira kwenye solenoidi. Hakuna kilichobadilika. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, kwa sababu hakuna aliyeniambia: umeme ukikatika, ovadraivu inaachia ghafla, kama swichi ilivyo. Ikiachia polepole oili ikipata joto, hiyo ni presha au koni. Acha nyaya.

Nikachomoa injini mara ya pili. Mdogo wangu hakusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko lawama.

Tulipoifungua ile ovadraivu "iliyofunguliwa", hakuna mkono wa mtu uliokuwa umeingia mle kwa miaka mingi. Bitana la koni, ule utando unaobana, lilikuwa limeungua na kuwa laini kama kioo. Kichujio kilizibwa na vipande vya gundi ya zamani ya gasketi na vumbi la chuma. Sili "mpya" zilikuwa ngumu kama plastiki ya ndoo. Na oili! Ilikuwa oili nzito ya gia, ile yenye dawa za kuzuia msuguano, inanuka salfa. Koni inahitaji msuguano ndipo ikabe. Kitabu cha MGB kinasema wazi kwamba giaboksi hii na ovadraivu yake hutumia 20W-50, oili ile ile ya injini. Aliyemwaga ile nzito alikuwa ameiua koni kabla haijafika kwangu.

Nilimpigia muuzaji. Alinijibu kwamba vitu vya zamani ndivyo vilivyo, akakata simu. Sijaisahau sauti ile. Hasira ya pesa imeisha. Kinachobaki ni kwamba alijua. Rangi ya fedha inagharimu jioni moja, nayo ilipakwa ili mimi nisitazame ndani. Mtu anayeuza kipuri cha gari la miaka hamsini anauza pia miezi ya maisha ya mwenzake, na ninaomba kila anayesoma hapa, siku akiuza chake, aseme alichokifanya na alichokiacha. "Sijaifungua" ni neno dogo. Lingeniokoa miezi minne, na bado ningeinunua.

Na wewe mnunuzi, tazama. Sitachoka kulirudia. Fungua, tazama, ndipo ulipe. Au lipa kama kitu kisichojulikana, kisha fungua kabla hakijaingia ndani ya gari.

Mara ya pili nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Koni ilipata bitana jipya, sili zote zikabadilishwa kwa mikono yangu, kichujio kikasafishwa. Wakati wa kuunganisha ovadraivu na giaboksi, ncha ya kamu inayoendesha pampu iligeuzwa juu, kwa kuwa pampu iko chini, na meno ya ndani yakapangwa mstari mmoja kwa bisibisi ndefu. Kuna seti mbili za meno mle, na zikitofautiana hata kidogo shafti haiingii. Usizivute kwa nati. Toa, panga upya, rudia. Mimi nilirudia mara tano.

Kisha nikaijaribu juu ya meza. Nilitia oili, nikaweka gia ya nne, nikazungusha shafti ya mbele kwa drili yenye nguvu kwa mwelekeo ambao injini inazunguka, nikaipa solenoidi volti 12. Mbele 500, nyuma ikapanda kutoka 500 hadi karibu 610. Kusikia mlio ule ukibadilika juu ya meza, injini ikiwa bado sakafuni, ni amani ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nikaiacha izunguke mpaka ikapata joto, nikawasha na kuzima mara nyingi. Haikuachia.

Yaliyobaki ni madogo lakini yana meno. Mita ya mwendo ya gari lisilo na ovadraivu la miaka hiyo imetengenezwa kwa mizunguko 1020 ya kebo kwa maili, ya lenye ovadraivu ni 1280. Ukiiacha ya zamani, itakuambia unakwenda 125 wakati uko 100. Na usirudi nyuma kamwe ovadraivu ikiwa imeshika. Ndani kuna klachi ya njia moja, utaivunja. Ile swichi ya kwenye giaboksi ndiyo inayokulinda, kwa hiyo usiiruke kwa waya kama wengine wanavyofanya.

Sasa nirudi kwako uliyeniandikia. Umesema gari lako ni la 1966 na giaboksi uliyoipata imetoka kwenye gari la 1972. Hiyo isahau. Giaboksi za kuanzia mwisho wa 1967 ni nene zaidi. Handaki la bati katikati ya sakafu yako halitaipokea bila kukatwa, na flaiwili, bati la nyuma ya injini na stata yako ni vya mpango mwingine. Unayoihitaji ni ya zamani, ambayo gia ya kwanza haina sinkro (kile kinacholinganisha kasi ya gia ili iingie bila kukwaruza), yenye ovadraivu ya aina ya D. Zipo, zinatafutwa, subiri. Ukiipata, kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji akuruhusu ufungue plagi kubwa ya shaba chini ya ovadraivu. Toa kichujio, kipanguse kwa kitambaa cheupe, uone kinachobaki kwenye kitambaa. Kisha inuse ile oili.