BL (hati za shehena) zote tatu hazijalipiwa, mzigo umeshachukuliwa: unamdai nani?

Usiku mmoja, kama saa nne hivi, niliingiza namba ya kontena langu kwenye ukurasa wa kampuni ya meli, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoangalia salio la simu. Jibu likaja: kontena tupu limerudishwa. Nikaingiza namba upya, nikidhani nimekosea tarakimu. Likaja lile lile. Nikaingiza namba ya kontena la pili, nalo hivyo hivyo.

Kontena halijirudishi tupu. Kuna mtu alilifungua, akashusha magunia yangu 380 ya ufuta, kilo 50 kila gunia, kisha akalipeleka kwenye yadi ya makontena matupu. Wakati huo BL zangu tatu, asilia, zikiwa na mhuri na saini, zilikuwa zimelala kwenye benki ya mnunuzi kule Mumbai zikisubiri alipe. Hakuwa amelipa hata senti.

Kwa anayeanza biashara hii: BL ni hati ya shehena. Ni risiti kwamba meli imepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na zaidi ya yote ni ufunguo wa mzigo wenyewe. Kwa kawaida hutolewa asilia tatu. Moja ikisalimishwa na mzigo ukatolewa, mbili zilizobaki zinakuwa karatasi tu. Ndiyo maana muuzaji anazipitisha benki: mnunuzi analipa, benki inampa hati, anazipeleka kwa wakala wa meli, anapewa DO, yaani kibali cha kutoa mzigo, anatoa mzigo. Ukiondoa hatua ya kusalimisha hati, hiyo benki katikati haikulindi chochote.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa wakala wa meli hapa Dar. Kijana wa kaunta alinipokea vizuri, akapiga simu mbili, kisha akaniambia kwa sauti ya kunituliza, "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi, mnunuzi aliweka barua ya dhamana." Nikamuuliza, kaiweka kwa nani? Kwa kampuni ya meli. Yaani mnunuzi aliahidi kwamba tatizo likitokea atawafidia wao. Mimi niliyelima, nikanunua, nikapakia, sikuwa hata kwenye hiyo barua. Akamalizia kwa kunishauri nimdai mnunuzi.

Kosa ambalo wengi wetu tunafanya ni kuufuata ushauri huo. Unaanza kumbembeleza mnunuzi kwenye simu, anakwambia ufuta una unyevu, anaomba umpunguzie bei, unakubali ili upate chochote, na bila kujua umeshabariki namna alivyouchukua mzigo. Nilikuwa karibu kufanya hivyo. Aliyenizuia ni wakili mmoja mama, ofisi yake Posta, ambaye swali lake la kwanza halikuhusu mnunuzi kabisa.

"Hati ziko wapi?"

"Benki ya kwake, India."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Iandikie benki yako leo zirudishwe. Na huyo mnunuzi usimwandikie neno lolote la bei. Mdaiwa wako ni meli."

Akanieleza kisa cha baiskeli ambacho sijakisahau. Kampuni ya Uingereza ilipeleka vipuri vya baiskeli Singapore. Mawakala wa meli wakampa mnunuzi mzigo bila BL, kwa kuwa alileta barua ya dhamana iliyotiwa nguvu na benki. Muuzaji hakulipwa. Meli ikajitetea kwa kifungu kilichochapishwa kwenye BL, kwamba mzigo ukishashushwa dhima yake inakoma kabisa. Kesi ikafika Privy Council kule London, mahakama ya rufani ya makoloni ya Uingereza, na mwaka 1959 majaji wakakataa utetezi huo: huwezi kuahidi kutoa mzigo kwa mwenye hati, ukampa asiye na hati kwa makusudi, kisha ukajificha nyuma ya maandishi madogo. Meli ikalipa, na benki iliyotoa dhamana ikabeba mzigo wa deni hilo. Hapo ndipo nilipoelewa barua ya dhamana ni ya nani. Ni mwavuli wa meli, na kuwa na mwavuli ni ishara kwamba ilijua mvua inakuja.

Na kweli wanajua. Bima za dhima za wenye meli kwa kawaida hazigharamii hasara ya kutoa mzigo bila BL, ndiyo sababu wanadai barua ya dhamana kabla ya kukubali. Wanakubali kwa nini basi? Kwa sababu safari ya Dar hadi India ni fupi, na hati zinazopita benki mbili zinachelewa. Meli imefika, hati hazijafika, demareji (tozo ya kuchelewesha kontena) inahesabu, mteja mkubwa anapiga kelele. Binadamu wa kaunta anaona anasaidia.

Hata nia njema haiwaokoi. Kuna kesi ya bidhaa zilizopelekwa Abidjan ambapo mzigo ulitolewa kwa BL za kughushi. Mahakama za Uingereza zikasema BL ya kughushi si BL, lipeni. Kuna ya kobalti kule Antwerp, ambako bandari ilikuwa imeachana na makaratasi na kutumia namba za siri. Wezi wakazipata namba, makontena mawili kati ya matatu yakaondoka. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ya Uingereza ikasema namba ya siri iliyotumwa kwa barua pepe haijawa sawa na kumkabidhi mwenye haki mzigo wake. Meli inayookoka kwa urahisi ni ile iliyotoa mzigo kwa BL asilia ya kwanza kuletwa, bila kujua kuna mgogoro. Kwa hiyo asilia ziwe zote tatu mahali pamoja. Kuacha moja kwa dalali "kwa ajili ya kumbukumbu" ni kumpa mzigo.

Sasa aibu yangu. Tulipodai, majibu ya meli yaliambatanishwa na picha ya ujumbe wangu wa WhatsApp. Mwaka uliotangulia, mnunuzi yule yule, nilimwandikia karani wa wakala: "Mpe tu mzigo, tunafahamiana." Jasho lilinitoka. Safari ile nilikuwa nimesalimisha BL hapa Dar, wakatuma kibali kule, ile tunayoiita teleksi, na pesa ilishaingia. Lakini wao walidai huo ndio utaratibu wetu. Wakili alijibu kwamba kila BL ni mkataba wake, na ruhusa ya mzigo mmoja haihamii mwingine. Alikuwa sahihi, ila mstari wangu mmoja ulitugharimu wiki kadhaa. Siku hizi ruhusa yoyote ninaitoa kwa barua yenye namba ya BL, baada ya benki yangu kuthibitisha pesa imo kwenye akaunti. Picha ya hati ya malipo aliyotuma mnunuzi siihesabu kuwa pesa.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni ile picha ya skrini ya usiku ule, ikionyesha tarehe kontena lilipotoka bandarini na tarehe liliporudi tupu, tukaiweka pamoja na barua ya benki isemayo hati bado hazijalipiwa. Tukaongeza swali moja la maandishi kwa meli: makontena haya yako wapi, na mmempa nani? Hawakuwa na jibu lisilowaumiza.

Chunga mwaka mmoja. Kanuni za Hague za 1924, za kimataifa za kusafirisha mizigo baharini, ambazo BL nyingi huzitumia pamoja na ndugu yake Hague-Visby, zinataka kesi ifunguliwe ndani ya mwaka tangu mzigo ulipotolewa au ulipopaswa kutolewa. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ya Uingereza ilithibitisha kwamba chini ya Hague-Visby ukomo huo unaigusa hata hali kama yangu, ya mzigo kutolewa bila hati baada ya kushushwa. Kuandikiana barua hakusimamishi saa. Meli ikisema "tunalishughulikia", omba wakuongezee muda kwa maandishi, na soma nyuma ya BL ujue kesi inafunguliwa nchi gani. Mara nyingi ni London, na hilo si jambo la kugundua mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo mmoja.

Haya yote yanasimama kama BL yako ni ya kampuni ya meli yenyewe, na sehemu ya mpokeaji haikuandikwa jina la mnunuzi moja kwa moja, bali kwa amri yako au ya benki. Ukiandika jina lake tupu, zipo nchi, Marekani mojawapo, ambako meli inaweza kumpa bila kudai hati. Ukikubali weibili, hati ya usafirishaji isiyo ufunguo wa mzigo, umekubali mzigo utoke bila hati. Na ukipewa BL ya wakala wa usafirishaji aliyekodi nafasi melini, meli itamtii mwenye BL yake kuu, ambaye si wewe. Utabaki kumdai mtu ambaye pengine ana chumba kimoja na printa.

Nililipwa mwezi wa nane, thamani ya ankara, bila riba. Ada ya wakili ilikuwa yangu. Mnunuzi naye kaniandikia majuzi, anataka makontena mawili mengine. Nimempa bei, pesa yote kabla meli haijang'oa nanga. Amesoma, hajajibu.