Bastola isiyo na kitufe cha usalama

Bwana wa Shela, Malindi, umesema umepata leseni, muuzaji amekuonyesha Glock isiyo na kitufe cha usalama, na mjomba wako mwenye Colt M1911 ya zamani anasema hiyo Glock ikianguka tu itafyatuka. Mjomba ana haki ya kuogopa, ila bastola ya kuogopa ni hiyo yake.

Ile Colt ya asili ina kitufe cha kidole gumba na kibonyezo nyuma ya mpini, lakini hakuna kati ya hivyo kinachozuia pini inayogonga risasi. Ikianguka kwa kishindo mdomo chini, risasi ikiwa chemba (tundu inamokaa tayari kufyatuliwa), pini yaweza kusukumwa mbele kwa uzito wake ikagonga. Wajerumani walikwisha kuweka kizuizi cha pini kwenye Walther P38 ya 1938. Kampuni ya Colt wakakiingiza katika toleo lao la Series 80, mwaka 1983. Walichelewa mno, kwa maoni yangu.

Glock, ya Austria, ilitoka 1982 na vizuizi vitatu, viwili nakueleza hapa. Itazame triga: katikati pana kijiulimi chembamba, na usipokibonyeza haivutiki. Ukiivuta, kipande cha ndani kinainua kizuizi na pini inapata njia. Ukiiachia, njia inazibwa.

Sasa hatari ni kidole chako, au pindo la kanzu kunasa kwenye triga unapoirudisha mkobani. Nunua mkoba mgumu unaofunika triga yote. Na fundi yeyote asikusugulie vipande vya ndani eti triga iwe laini.