Nilimkana Yesu kwa kuogopa kipigo, je naweza kurudi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Niliokoka kwa siri. Mwezi uliopita ndugu zangu wakajua, wakanipiga usiku wakiniuliza mimi ni Mkristo au la, nikasema hapana. Tangu siku hiyo siwezi kuomba. Nimesoma Mathayo 10:33, Yesu anasema atakayemkana mbele ya watu naye atamkana mbele za Baba yake, naona nimeshahukumiwa. Kuna mama wa kanisani ananipigia simu ila sipokei, naona aibu.

JIBU: Amina dada yangu, pole sana, na pole ya kipigo pia maana naona umejilaumu mpaka umesahau kwamba wewe ndiye uliyepigwa.

Mathayo 10:33 siwezi kuupunguza makali, kumkana Bwana ni dhambi na wewe unajua ndio maana unaumia. Ila kumbuka Petro alikuwepo Yesu aliposema hayo maneno, na bado alikuja kumkana mara tatu, tena kwa kuulizwa tu na kijakazi na watu waliokuwa pale, hakuna hata aliyemgusa. Sasa kama kuanguka usiku mmoja ndio mwisho, nani alihubiri siku ya Pentekoste kama si Petro huyohuyo? Anayeonywa pale ni yule anayekana akatulia hukohuko akaridhika, sio anayelia kama wewe.

Halafu soma Yohana 18:18, Petro anakana huku anaota moto wa makaa. Nenda 21:9, Yesu amefufuka, yuko ufukweni na moto wa makaa, na ni hapo anamuuliza mara tatu wanipenda. Mimi naamini ule moto haukuwa bahati tu, Bwana alimrudisha palepale alipoungulia.

Na hauko peke yako kabisa. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola ya Roma watoe dhabihu kwa miungu wapewe cheti cha kuonyesha wametoa, na kule Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, Wakristo wengi sana walienda kutoa, wengine wakatoa rushwa wapate tu cheti. Mateso yalipopoa wakarudi wanalia, wapo waliosema hao wasipokelewe tena kamwe, lakini mwaka 251 maaskofu wakakutana wakakubaliana mlango usifungwe, kila mtu asikilizwe habari yake, atubu, apewe muda. Askofu wao Cyprian mwenyewe alijificha kipindi kile akawa anaongoza kanisa kwa barua, watu wakamsema vibaya sana, na mwaka 258 huyohuyo akakatwa kichwa kwa ajili ya Kristo.

Kwa hiyo usichanganye kukimbia na kukana. Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 10:23 amesema wakiwaudhi mji huu kimbilieni mwingine, na Paulo alitoka Dameski akiwa ndani ya kapu, akiwakimbia waliotaka kumkamata. Tubu leo kwa maneno yako, hata mawili tu yanatosha, lakini usiende kesho kujitangaza mbele ya watu waliokupiga eti ndio ufute kosa, hilo Bwana hajakuagiza. Ukiona wanaweza kukudhuru tena tafuta pa kulala kwingine.

Kinachonitia hofu zaidi ni huko kujifungia. Petro na Yuda wote walianguka usiku uleule, wote wakaumia, ila Yuda alienda peke yake na Petro akabaki kati ya wenzake. Huyo mama akipiga tena pokea, hata kama utaishia kulia tu bila kusema neno.