Barua kwa mwanangu: Seneca na mama yake

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, alikuwa mnafiki: anahubiri kwamba mwenye hekima hahitaji mali, naye ana utajiri wa kufuru. Mwaka 58 baada ya Kristo, hasimu wake Suillius alimsema hadharani kwamba kwa miaka minne ya urafiki na Kaisari Nero amejikusanyia sestersi (sarafu za Kirumi) milioni 300. Mwaka uliofuata Nero akamuua mama yake mzazi, na watu wakamlaumu Seneca kwa kuandika barua ya kuyatetea mauaji hayo mbele ya Baraza la Seneti.

Hayo unayajua kuliko mimi. Mimi imenishika barua nyingine, ile aliyomwandikia mama yake, Helvia, kutoka kisiwa cha Corsica, alikopelekwa uhamishoni na Kaisari Claudius mwaka 41. Helvia alikuwa amemzika mjukuu wake, mtoto wa huyohuyo Seneca, aliyemfia mikononi akimbusu. Hazijatimia siku 20, anasikia mwanawe naye kachukuliwa. Na aliye uhamishoni ndiye anayemfariji aliyebaki! Anamwambia, kama walivyofundisha Wastoiko, wanafalsafa wa kundi lake, kwamba cheo, fedha na mji ni vya kuazima; fadhila ya mtu huenda naye popote, na mbingu ni ileile. Maneno mazuri. Lakini siku zote nakwambia, ushauri upimwe na aliyeupokea.

Mbele kidogo anamwelekeza kwenye falsafa, kuwa ndiyo dawa ya huzuni. Kisha anasikitika kwamba baba yake, kwa kushika mno mila za wazee, hakutaka mkewe aisome kwa kina. Hapo nilikiweka kitabu chini.

Habari yangu na mjomba wako unaijua. Ada ya shule ilitosha mtoto mmoja, akasoma yeye. Babu yako aliniita ukumbini akasema, "Vumilia mwanangu, akili haipotei." Nikaitika, "Ndiyo, baba," na sare yangu akapewa binti wa jirani. Alinipenda, sisemi hakunipenda. Na fedha kweli haikuwepo, nisimwonee. Lakini aliyekuwa wa kwanza darasani ni mimi! Mbona uvumilivu ulinihusu mimi peke yangu? Mpaka leo nikiona sare za rangi ile nageuza uso.

Wala usiniambie ndivyo zamani zilivyokuwa. Musonius Rufus, Mstoiko wa Roma wa zama zilezile za Nero, alifundisha kwamba mabinti wapewe malezi yaleyale ya wavulana, maana fadhila ya mwanamke na ya mwanamume ni moja. Hoja ilikuwepo, tena mjini kwao.

Sasa mnafiki au si mnafiki? Ulimi unaniwasha, na zile milioni 300 zinanikera. Lakini aliyepokea ushauri ni Helvia, na jibu lake halikutufikia. Basi naliacha, kwa shingo upande. Huenda alifarijika. Huenda aliikunja barua akaendelea kulia.

Ukija likizo niletee mafundisho ya Musonius. Mjomba wako anakusalimu.

Mama yako