Kabla Hujairudisha Darubini Dukani, Angalia Saa Uliyoingiza

Juzi msomaji mmoja ameniandikia akiwa amekata tamaa. Amejinyima miezi kadhaa akanunua darubini yenye stendi ya kompyuta, ile ambayo unachagua jina la nyota kwenye rimoti nayo inajigeuza yenyewe kuitafuta. Usiku wa kwanza aliiagiza Mwezi, ikaenda kutazama chini. "Nimeuziwa mbovu," anasema, na boksi ameshalifunga alirudishe dukani.

Dada yangu, lifungue. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila mara nimejiona mimi.

Yangu iliniaibisha mbele ya watu kumi na mmoja. Wiki nzima nilikuwa nimewatangazia kwamba wataziona pete za sayari ya Zohali kwa macho yao wenyewe. Wakaja. Zohali yenyewe ilikuwa juu kabisa, karibu na utosi, hata mtoto angeinyooshea kidole. Nikasawazisha stendi, nikaielekeza kaskazini kama maelekezo yanavyosema, nikaruka hatua ya kulinganisha na nyota, yaani kuilenga nyota unayoijua ili rimoti ijirekebishe, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri, nikachagua Zohali. Mota zikanguruma, bomba likazunguka kwa madaha, likainama, likatulia limekodolea ukuta wa mashariki. Nikazima, nikawasha, nikaingiza yale yale. Ukuta ule ule. Mara ya nne rafiki yangu mmoja, tena wa karibu, akatoa simu akawaonyesha watoto picha ya Zohali. "Si hii hapa? Twendeni tukale." Wakaondoka wote. Kauli ile ikinijia hadi leo, inaniuma.

Siku tatu nililaumu mota, kisha nikamlaumu muuzaji. Siku ya nne nikaketi mchana, rimoti mkononi, nikapitia mstari kwa mstari kila nilichokuwa naingiza. Saa: 2:15 PM. Usiku ule ilikuwa saa mbili na robo, na kidole kikaandika kama mdomo unavyotamka. Rimoti haihesabu tangu jua kuzama. Inachojua ni 8:15 PM, au 20:15 kama umechagua mfumo wa saa 24. Nilikuwa nimeiambia ni saa nane na robo mchana!

Sasa piga hesabu. Dunia inajizungusha digrii 15 kila saa. Nilikosea kwa saa sita, hizo ni digrii 90, robo nzima ya duara. Zohali niliyoiona utosini, saa sita kabla yake ilikuwa ndiyo kwanza inachomoza mashariki, na darubini ilielekea huko huko. Haikuwa na kosa hata chembe.

Tangu hapo saa naiheshimu. Dakika moja tu ya kukosea ni robo ya digrii angani, yaani nusu ya upana wa Mwezi. Ukiwa na lenzi ya kukuza sana, hiyo inatosha kuikosa sayari. Rimoti ikikuuliza kama saa za kiangazi zinatumika, nawe uko mahali ambapo saa hazisogezwi mbele wala nyuma mwaka mzima, jibu hapana. Ukijibu ndiyo umeshapotea digrii 15, Mwezi thelathini zikipangwa bega kwa bega.

Tarehe nayo ina mtego wake. Rimoti nyingi zinataka mwezi kwanza, siku baadaye. Ukiandika 04/07 ukidhani ni tarehe nne Julai, yenyewe inasoma tarehe saba Aprili. Wapo wanaosema ukilinganisha na nyota mbili au tatu makosa haya yanajirekebisha. Kwa nyota, kwa kiasi kikubwa ni kweli. Kwa Mwezi na sayari si kweli, maana mahali pake hukokotolewa kwa tarehe na saa uliyoingiza, na Mwezi unasogea kama digrii 13 kila siku kati ya nyota. Wewe uliyeagiza Mwezi, anzia hapo.

Mahali pia paangalie. Simu ikikuandikia latitudo 6.45, hiyo si digrii 6 na dakika 45. Ni digrii 6 na dakika 27, kwa sababu digrii moja ina dakika 60. Usichanganye mashariki na magharibi kwenye longitudo, wala kaskazini na kusini kwenye latitudo. Kanda ya saa iwe yako, si ile iliyotoka nayo kiwandani. Na saa, narudia, saa. Yangu haitunzi saa ikizimwa, kwa hiyo kila usiku naiingiza upya kutoka kwenye simu, nikisoma tarakimu kwa sauti.

Tunapenda mno kulaumu kifaa. Mtu anatoa akiba yake yote, halafu hana dakika tano za kusoma alichoandika kwa mkono wake. Tuache haraka, jamani, hasa watu wakiwa wamesimama nyuma yetu wanasubiri kuona.

Wiki iliyofuata nilitoka peke yangu. Nikaandika 20:05, nikalinganisha na nyota mbili, nikachagua Zohali. Nilipoinama kwenye lenzi ilikuwa katikati, ndogo, ya manjano, na pete yake. Niligonga dirisha kumwita mwanangu, akaja na kandambili za mama yake.

Dada, usiku wa leo washa rimoti, nakili kila tarakimu unayoingiza, unitumie kabla hujabeba lile boksi.