Kisu cha Kwanza cha Kukunja: Maswali na Majibu

Maswali niliyopokea safari hii yameletwa na watu wasio na karakana, ambao wana vyombo vichache na hamu kubwa ya kujitengenezea kisu cha kukunja kwa mikono yao wenyewe.

Fundi, nina msumeno wa chuma, tupa mbili na drili ya kuazima, na nafasi yangu ni Jumamosi na Jumapili tu. Nianze na kisu cha aina gani? (Msomaji, Wete)

Anza na kisu kisicho na springi wala kufuli, ambacho ubapa wake hushikwa na mkazo wa pini peke yake, na nyuma ya pini uache mkia mfupi utakaoukandamiza kwa kidole gumba wakati wa kukata, ili kisu kisikufungie vidoleni. Usikidharau kwa wepesi wake: kisu cha kukunja cha Opinel cha Ufaransa, kilichoanza mwaka 1890, kilitumika bila ya kufuli mpaka kilipotiwa kipete cha kukifunga mwaka 1955, na higonokami, kisu cha kukunja cha Wajapani, ina mkia huo mpaka leo.

Kwa siku mbili ulizonazo, tafuta msumeno mkongwe wa kukatia mbao uliokwisha kazi. Seremala huunoa msumeno wake kwa tupa, na kwako hiyo ni habari njema, kwa sababu chuma kinachokubali tupa utakikata na kukichonga kikiwa baridi, na bado kina ugumu wa kutosha kumenyea chungwa au kukatia kamba, kwa hivyo hutawasha moto kabisa. Ikiwa meno yake yana weusi wa kibuluu, yametiwa ugumu wa ziada na tupa haitayaweza. Ondoa ukanda huo, utumie sehemu iliyobaki.

Mimi nimepata tupa mbovu na makaa ya vifuu. Siwezi kuutumia moto? (Msomaji, Mkoani)

Unaweza, ila usihesabu siku mbili. Ipashe tupa moto mpaka iwe nyekundu na sumaku isiishike, kisha izike ndani ya jivu kavu mpaka asubuhi, nayo italegea uweze kuichonga na kuitoboa. Ukimaliza kuchonga, ipashe tena mpaka sumaku iiache, kiasi cha nyuzi 770, uongeze moto kidogo, kisha uichovye wima ndani ya mafuta ya kupikia yaliyopata uvuguvugu. Maji hayafai hapa, kwani ubapa mwembamba hupasuka. Makaa ya vifuu yana moto mkali, na ncha ndiyo huungua mwanzo, kwa hivyo usiache kuusogeza ubapa. Ukitoka kwenye mafuta ni mgumu lakini unavunjika kama kioo, na ukianguka sakafuni unaweza kukatika. Siku hiyo hiyo uweke katika oveni ya nyuzi 200 kwa saa moja, mara mbili, mpaka upate rangi ya majani makavu.

Kisu changu kinacheza huku na huku. Nikiikaza pini, hakifunguki tena. Kosa liko wapi? (Msomaji, Jang'ombe)

Kosa liko kwenye tundu, na kwa maoni yangu tundu hilo linastahili nusu ya muda wa kazi yote. Chagua pini kwanza, iwe msumari au kijiti cha shaba ya manjano, kisha tafuta ncha ya drili ya kipimo chake, ujaribu kwenye kipande cha chuma kisichohitajika: pini iingie kwa kusukumwa na kidole, isitikisike. Vibane pamoja ubapa na vipande viwili vya mpini, uvitoboe kwa mara moja. Kwa kuwa huna drili ya kusimama, chukua sidii kongwe, ilaze juu ya kazi, na upitishe ncha ya drili katikati ya tundu lake. Ukiona ncha na sura yake inayoonekana kwenye sidii kama kwenye kioo vimekuwa mstari mmoja, ukitazama kwa mbele na kwa ubavuni, drili imesimama wima.

Kipande cha kati, kinachotenga pande mbili za mpini, kikate kwenye msumeno ule ule ili unene uwe mmoja na ubapa. Kabla ya kugonga ncha za pini ili zitanuke, tia kipande cha karatasi ya daftari iliyopakwa mafuta baina ya ubapa na mpini, uweke washa ndogo (kisahani cha chuma chenye tundu) kila upande ili mti usipasuke, kisha gonga kwa nyundo ndogo, vipigo vingi vyepesi, ukifungua na kufunga kila baada ya vipigo vichache. Karatasi ukiichomoa mwishoni, nafasi inayobaki ndiyo inayokiwezesha kisu kufunguka bila ya kucheza.

Mpingo sina. Nitumie mti gani kwa mpini? (Msomaji, Makunduchi)

Mfenesi mkavu. Umechongewa milango yetu miaka mingi, na vipande vyake hubaki kwa maseremala.

Mimi ni mvuvi. Hakitaliwa na kutu? (Msomaji, Nungwi)

Kitaliwa usipokiangalia, kwa kuwa chuma cha msumeno wa kawaida hakina kinga dhidi ya chumvi. Kioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kikaushe kikiwa wazi, na utie tone la mafuta kwenye pini. Kipande cha kati kifanye kifupi, kikae mwishoni mwa mpini tu, ili maji na magamba yapate njia ya kutokea. Kwa kupasulia samaki kila siku, hata hivyo, nakushauri ubaki na kisu chako kisichokunjwa, na hiki ukiweke kwa ajili ya kamba na nyavu.